Somo la Kumi na Moja: Mnyambuliko wa Kitenzi «Gawa» katika Habari za Uvuvi

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili, mwanachuo aweze:
(a) kunyambua kitenzi «gawa» katika kauli zake kuu na kueleza maana ya kila kauli;
(b) kubainisha kitu kinachogawiwa na mtu anayegawiwa katika sentensi;
(c) kutambua utata unaoletwa na umbo «gawiwa», na kuuondoa;
(d) kuwafundisha wanafunzi wa shule kanuni hizo kwa mifano ya maisha yao.

A. KIFUNGU CHA KUSOMA

Mgao wa Mwezi Mpevu

Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Burundi ina sehemu ndogo, takriban asilimia 8 tu ya eneo la maji, lakini ufuko wake, kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, una vijiji vingi vinavyotegemea uvuvi. Samaki wanaotafutwa zaidi ni ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa, na mukeke, ambaye huko Kigoma hujulikana kwa jina la mgebuka. Mukeke ni wa jamii moja na sangara wa Ziwa Viktoria, ingawa umbo lake ni jembamba na dogo zaidi.

Samaki hao huvuliwa usiku. Wavuvi huunganisha mitumbwi miwili kwa miti, hushusha wavu mpana kati yake, kisha huwasha taa juu ya maji. Mwanga huwavutia wadudu wadogo wa majini. Ndagala huja kuwala wadudu, na mukeke huja kuwala ndagala. Samaki wakishakusanyika, wavu huinuliwa polepole. Lakini mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake huenea ziwani kote na taa hupoteza nguvu yake ya kuvuta. Siku hizo wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu na kufanya hesabu.

Katika mwalo mmoja kusini mwa Rumonge palikuwa na chombo kilichomilikiwa na mama mmoja mjane. Wavuvi wake walikuwa watano, pamoja na kapteni. Makubaliano yao yalieleweka na wote. Kwanza yatolewe matumizi ya mafuta na ya matengenezo ya nyavu. Kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu: nusu ya mwenye chombo, nusu ya wavuvi. Nusu ya wavuvi igawanywe mafungu sita. Kapteni apate mafungu mawili, na kila mmoja wa wengine wanne apate moja. Mvuvi aliyetaka, aliruhusiwa kuchukua fungu lake kwa samaki badala ya fedha. Yote hayo yaliandikwa na karani katika daftari.

Mwezi ulipokuwa mpevu, mama alikuja mwaloni na kulipa usiku baada ya usiku. Alipofika Alhamisi, aligeuza ukurasa bila kuhesabu.

«Mama, fungu la Alhamisi silioni,» alisema kijana aliyekuwa mdogo kuliko wavuvi wote.

«Mwanangu, usiku huo mlichukua samaki. Daftari linasema hivyo.»

«Mama, sikuchukua hata mmoja. Nyumbani tulikula maharagwe.»

Karani aliitwa, akaambiwa asome. Akasoma: «Alhamisi. Ndoo kumi na nane. Wamegawiwa wote.»

«Umesikia?» mama alimwambia kijana. «Mmegawiwa wote.»

«La, Mama,» alisema karani. «Nilikuwa na maana ya samaki. Samaki wote waligawiwa kwa wachuuzi, nao watalipa siku ya soko.»

Kijana alinyamaza. Wenzake walianza kunong'ona kwamba karani na mwenye chombo wameshirikiana. Hapo mzee mmoja mshona nyavu, aliyekuwa akisikiliza, aliweka sindano chini.

«Mama, hujadanganya,» alisema. «Wala karani hakudanganya. Wewe umesoma watu, yeye ameandika samaki, na mtoto huyu amebaki na njaa katikati. Basi neno hilo lifutwe, liandikwe jingine ambalo kila mtu atalisoma namna moja.»

Karani alifuta, akaandika: «Samaki wote wamegawiwa kwa wachuuzi, kwa deni. Wavuvi hawajagawiwa fungu lao.» Mama aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaweka alama kando yake. Siku ya soko wachuuzi walilipa, na fungu la Alhamisi likatolewa.

B. MSAMIATI

Mwalo: mahali ufukoni ambapo vyombo vya uvuvi huegeshwa na samaki hushushwa.
Chombo: mtumbwi, mashua au boti pamoja na zana zake.
Fungu: sehemu mojawapo ya kitu kilichogawanywa.
Mchuuzi: mtu anayenunua bidhaa kidogo kidogo ili aziuze tena.
Kitoweo: samaki, nyama au kitu kingine kinacholiwa pamoja na ugali au wali.
Mwezi mpevu: mwezi uliokamilika, unaong'aa usiku kucha.

C. SARUFI

1. Mzizi na viambishi vyake

Mzizi wa kitenzi «gawa» ni gaw-. Viambishi tamati vinapoongezwa kwenye mzizi huo, hupatikana vitenzi vingine ambavyo kila kimoja kina kazi yake:

gaw-a: kutoa sehemu za kitu kwa watu.
gaw-i-a: kumpa mtu sehemu yake (kauli ya kutendea).
gaw-iw-a: kupewa sehemu, au kutolewa kwa sehemu (kauli ya kutendwa na ya kutendewa).
gaw-an-a: watu kuchukua kila mmoja sehemu ya kitu chao (kauli ya kutendana).
gaw-i-an-a: watu kupeana sehemu, huyu akimpa yule na yule akimpa huyu.
gaw-an-y-a: kukifanya kitu kimoja kiwe sehemu nyingi (kauli ya kutendesha).
gaw-an-y-w-a: kufanywa sehemu nyingi.
gaw-an-y-ik-a: kuwa katika hali ya sehemu nyingi (kauli ya kutendeka).

Irabu ya kauli ya kutendea hufuata irabu ya mzizi. Kwa kuwa mzizi gaw- una irabu a, tunapata i: gawia. Mzizi wenye e au o hupata e: leta, letea, soma, somea.

2. «Gawa» na «gawia»: nani ni nani?

Kitenzi «gawa» huhitaji yambwa moja, yaani kitu kinachotendwa:

Kapteni aligawa samaki.

Mpokeaji akitajwa baada ya «gawa», hutanguliwa na «kwa»:

Kapteni aligawa samaki kwa wavuvi.

Kitenzi «gawia» huongeza yambwa ya pili, yaani mtu anayetendewa. Mtu huyo hukaa karibu na kitenzi, na ndiye anayewakilishwa na kiambishi ndani ya kitenzi:

Kapteni aliwagawia wavuvi samaki.

Hapa mwanafunzi huuliza swali zuri: kiambishi -wa- katika «aliwagawia» kinasimama badala ya wavuvi au badala ya samaki? Majina yote mawili yamo katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo umbo peke yake halitoi jibu. Tunalipata jibu kwa kubadilisha kitu kinachogawiwa. Tuweke «mapato», ambalo ni jina la ngeli ya LI-YA:

Kapteni aliwagawia wavuvi mapato. (Sahihi)
*Kapteni aliyagawia wavuvi mapato. (Si sahihi, nyota huonyesha kosa)

Kiambishi kimebaki -wa-. Basi ni dhahiri kwamba katika kauli ya kutendea, nafasi ya kiambishi cha yambwa ni ya mpokeaji, si ya kitu. Kitenzi cha Kiswahili hakibebi viambishi viwili vya yambwa. Panapokuwa na mtu anayetendewa, yeye ndiye anayepewa nafasi.

Linganisha sasa na sentensi hii:

Kapteni aliwagawa wavuvi.

Maana yake si kwamba wavuvi walipata kitu. Maana yake ni kwamba wavuvi wenyewe walitengwa katika makundi, pengine wawili huku na watatu kule. Irabu moja, i, ndiyo inayotofautisha mtu aliyepata fungu na mtu aliyefanywa kuwa sehemu ya fungu. Mwanafunzi anayeandika «alitugawa samaki» akikusudia «alitugawia samaki» amemnyima mpokeaji alama yake.

3. Utata wa «gawiwa»

Vitenzi vingi hutofautisha waziwazi kauli ya kutendwa na kauli ya kutendewa:

Samaki walipikwa. / Wavuvi walipikiwa samaki.
Samaki waliletwa. / Wavuvi waliletewa samaki.
Samaki waliuzwa. / Wachuuzi waliuziwa samaki.

Msomaji akikutana na «walipikwa», anajua kwamba wanaozungumziwa wamo chunguni. Akikutana na «walipikiwa», anajua kwamba wanaozungumziwa wameketi wakisubiri kula.

Kitenzi «gawa» hakina tofauti hiyo. Mzizi wake unaishia na konsonanti w, na kiambishi cha kutendwa ni -w- vilevile. Umbo *gawwa halitamkiki katika Kiswahili. Kwa sababu hiyo lugha hutumia -iw-, na kauli mbili hukutana katika umbo moja:

Samaki waligawiwa. (Kauli ya kutendwa: samaki ndio waliotolewa.)
Wavuvi waligawiwa samaki. (Kauli ya kutendewa: wavuvi ndio waliopata.)

Jina likitajwa, hakuna taabu. Taabu huanza jina linapoachwa. Kiima «wavuvi» na kiima «samaki» vyote huchukua wa-. Vivumishi vyao navyo hulingana: wote, wengi, hawa, wale. Ndiyo sababu sentensi ya karani, «Wamegawiwa wote», ilikuwa sahihi kisarufi na bado ikazaa ugomvi. Kila neno lake liliwafaa watu na liliwafaa samaki.

Hali hiyohiyo huonekana katika vitenzi ambavyo mizizi yake inaishia na irabu, ambavyo hurudisha sauti l vinaponyambuliwa: vua, vuliwa, chukua, chukuliwa, nunua, nunuliwa. Tazama:

Samaki walichukuliwa. (Samaki ndio waliobebwa.)
Wavuvi walichukuliwa samaki wao. (Wavuvi ndio waliopoteza.)

Sentensi «Walichukuliwa usiku», ikisimama peke yake, haimwambii msomaji kama ni samaki waliobebwa, ni watu waliopelekwa mahali, au ni watu walionyang'anywa mali.

4. Namna ya kuondoa utata

Njia ya kwanza ni kutaja kiima. Katika barua, daftari la hesabu, taarifa ya mkutano na ushahidi, kiima kisiachwe mahali ambapo ngeli ya A-WA inaweza kuhusu watu na wanyama kwa pamoja.

Njia ya pili ni kutumia «kwa» mbele ya mpokeaji pale ambapo kitu ndicho kiima: «Samaki wamegawiwa kwa wachuuzi.» Neno «kwa» huonyesha upande ambao kitu kimeelekea.

Njia ya tatu ni kuchagua jina la ngeli nyingine. Badala ya «samaki» tunaweza kusema «mafungu», «mapato» au «ndoo»: «Mafungu yamegawiwa», «Ndoo zimegawiwa». Kiambishi ya- au zi- hakiwezi kudhaniwa kuwa cha watu.

Njia ya nne ndiyo inayofaa zaidi kwa matumizi ya kila siku: tutumie «gawanywa» kwa kitu, na tuhifadhi «gawiwa» kwa mtu. «Samaki wamegawanywa, wavuvi wamegawiwa.» Mwalimu akiwazoeza wanafunzi wake kufuata njia hiyo, makosa mengi yatapungua yenyewe.

Tuangalie pia wakati uliotumiwa katika sentensi ya mwisho ya daftari. Karani aliandika «hawajagawiwa», hakuandika «hawakugawiwa». Kiambishi -ja- huonyesha kwamba tendo halijatimia hadi sasa na bado linangojewa. Haki ipo na deni lipo. Kiambishi -ku- husema tu kwamba tendo halikutendeka wakati uliopita, na hakimwahidi mtu chochote. Ingekuwa «hawakugawiwa», kijana yule angekuwa na habari, lakini asingekuwa na dai.

5. «Gawana» na «gawiana»

Kwa kawaida kauli ya kutendana huondoa yambwa: «Juma alimpiga Ali» huwa «Juma na Ali walipigana», na baada ya «walipigana» hatungoji jina jingine. Kitenzi «gawana» ni tofauti, kwa maana yambwa hubaki:

Wavuvi waligawana samaki.
Kapteni aligawana samaki na wavuvi.

Sababu ni kwamba katika ugawaji mna washiriki wa namna tatu: anayetoa, anayepokea na kitu chenyewe. Kiambishi -an- huwaunganisha anayetoa na anayepokea wakawa kundi moja. Kitu hubaki mahali pake. Kwa hiyo mtu anayesema «tuligawana» anadai kwamba hapakuwa na mkubwa aliyetoa na mdogo aliyepokea, bali kila mmoja alichukua kilicho chake. «Alitugawia» humweka mtu mmoja juu ya wengine. «Tuligawana» huwaweka wote sawa. Ndiyo maana tunasema:

Nchi nne zinagawana Ziwa Tanganyika.

Kongo ina takriban asilimia 45 ya eneo la maji, Tanzania asilimia 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mafungu hayalingani, lakini kitenzi ni «gawana», kwa sababu hakuna nchi iliyopewa maji na nchi nyingine. Mwaka wa 2003 nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa hilo kwa pamoja. Samaki hawatambui mpaka: ndagala anayelindwa upande mmoja anaweza kuvuliwa upande wa pili. Sentensi *«Nchi nne zinagawia ziwa» haina mpokeaji, na haikubaliki.

«Gawiana» ni jambo jingine. Hapa kila mtu ana chake tayari, naye humpa mwenzake sehemu:

Majirani waligawiana: mvuvi alitoa mukeke, mkulima alitoa mihogo.

Katika «gawana» kitu ni kimoja nacho ni cha wote. Katika «gawiana» vitu ni viwili au zaidi navyo huvuka kutoka mkono hadi mkono.

6. «Gawanya» na «gawanyika»

«Gawanya» hutazama kitu, si watu. Aliyekata samaki vipande vinne «amegawanya», hata kama hakumpa mtu kipande. Ndiyo sababu neno hili hutumika katika hesabu: kumi na mbili gawanya kwa tatu. Kwanza tunagawanya, kisha tunagawa. Kisu hutangulia mkono.

Wanafunzi wanaosema Kirundi au Kinyarwanda wanahitaji uangalifu hapa. Lugha hizo zina vitenzi vya ukoo mmoja: kugaba, kugabana, kugabanya. «Kugabana» hukaribiana sana na «kugawana», na mwanafunzi hatapotea. Lakini «kugabanya» lina maana ya kupunguza pia, hata bei. Mwanafunzi huweza kuandika *«Mchuuzi amegawanya bei ya ndagala» akikusudia «Mchuuzi amepunguza bei ya ndagala». Katika Kiswahili bei haigawanywi, hupunguzwa. Mwalimu asimkemee mwanafunzi huyo, bali amwonyeshe jinsi maneno mawili ya ukoo mmoja yanavyoweza kwenda njia mbili.

«Gawanyika» huonyesha hali, bila kumtaja mtenda. Likitumika kwa watu, mara nyingi humaanisha kukosa umoja: «Wavuvi waligawanyika», yaani kila kundi lilishika msimamo wake. Kutokana na vitenzi hivi tunapata majina ambayo nayo yasichanganywe:

Mgao (au mgawo): sehemu anayopata mtu. «Mgao wa kapteni ni mafungu mawili.»
Mgawanyo: utaratibu wa kugawanya. «Mgawanyo wa mapato uliandikwa daftarini.»
Mgawanyiko: hali ya kutengana. «Mgawanyiko ulitokea baina ya wavuvi.»

Katika kifungu tulichosoma, mgawanyo ulikuwa wa haki tangu mwanzo. Nusura mgawanyiko utokee kwa sababu ya namna ulivyoandikwa.

7. Kauli ya kutendea inayodhuru

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kauli ya kutendea maana yake ni «kwa ajili ya mtu, kwa faida yake». Maelezo hayo hayatoshi. Kauli hiyo husema tu kwamba tendo linamhusu mtu. Faida au hasara huonekana katika maana ya kitenzi na muktadha:

Alimgawia mvuvi fungu. (Faida)
Alimlia mvuvi fungu lake. (Hasara: alilila fungu ambalo lilikuwa la mvuvi.)
Wavu uliwachanikia wavuvi ziwani. (Hasara: wavu ulichanika, na wavuvi wakaathirika.)

Kauli hiyohiyo huonyesha pia chombo cha kufanyia kazi, kama katika «wavu wa kuvulia ndagala» na «kisu cha kukatia samaki».

D. MWONGOZO WA KUFUNDISHIA

Mwalimu mtarajiwa asianze na majina ya kauli. Aanze na tendo. Awaite wanafunzi sita mbele ya darasa na kuweka mezani kokoto ishirini na nne ziwe «samaki». Mwanafunzi mmoja azitenge mafungu, darasa liseme: «Amegawanya samaki.» Ampe kila mmoja fungu, darasa liseme: «Amewagawia samaki.» Aliyepokea aseme: «Nimegawiwa samaki.» Kisha kokoto zirudishwe mezani, na safari hii kila mmoja achukue fungu lake mwenyewe, wote waseme: «Tumegawana samaki.» Baada ya hapo mwalimu aandike ubaoni sentensi «Wamegawiwa wote», na aulize: «Ni nani waliogawiwa?» Aache wanafunzi wabishane kwa dakika chache. Wakishaona wenyewe kwamba pande zote mbili zina sababu, watakuwa tayari kupokea kanuni.

Mwalimu ahakikishe pia kwamba mifano inatoka katika mazingira ya shule. Mahali pasipo na ziwa, samaki wabadilishwe kuwa mbuzi au kuku, ambao nao ni wa ngeli ya A-WA. Utata utabaki uleule. Wakibadilishwa kuwa maharagwe au ndizi, utata utatoweka, na jambo hilo lenyewe ni funzo.

E. MUHTASARI

«Gawa» hutazama kitu. «Gawia» humtazama mpokeaji. «Gawana» huwaweka washiriki sawa. «Gawanya» hutenga sehemu. «Gawanyika» huonyesha hali. Umbo «gawiwa» hubeba kauli mbili, kwa hiyo lisiandikwe bila kiima pale ambapo watu na viumbe wengine wanaweza kuchukua kiambishi kilekile. Anayeandika kwa ajili ya wengine, hasa juu ya mali na haki, anawajibika kuhakikisha kwamba sentensi yake ina maana moja.

F. MAZOEZI

1. Jibu maswali haya kutokana na kifungu.
(a) Kwa nini wavuvi wengi hupumzika mwezi unapokuwa mpevu?
(b) Mama aliielewa vipi sentensi ya karani? Karani alikusudia nini?
(c) Mzee alimlaumu nani? Eleza.

2. Jaza nafasi kwa umbo sahihi la kitenzi «gawa».
(a) Kapteni ali______ wajane wawili kitoweo.
(b) Ndugu wale wali______ shamba la baba yao bila ugomvi.
(c) Mia moja ______ kwa nne ni ishirini na tano.
(d) Baada ya mkutano, wanachama wali______ katika pande mbili.
(e) Mimi bado sija______ fungu langu.

3. Kila sentensi ifuatayo ina maana zaidi ya moja. Taja maana hizo, kisha andika sentensi mbili zisizo na utata.
(a) Wamegawiwa jana.
(b) Wale wachache walinunuliwa mapema.
(c) Aliwagawa wote.

4. Sahihisha, na utoe sababu.
(a) *Mwenye chombo aliyagawia wavuvi mapato.
(b) *Mchuuzi amegawanya bei kwa sababu samaki ni wengi.
(c) *Mgawanyiko wa kapteni ni mafungu mawili.

5. Chukulia kwamba ndoo kumi na nane za Alhamisi ziliuzwa kwa faranga 20,000 kila moja, na kwamba matumizi yalikuwa faranga 120,000. Kwa kufuata makubaliano ya kifungu, tafuta mgao wa mama, wa kapteni na wa kijana. Andika hesabu yako kwa sentensi kamili, ukitumia «gawanya», «gawia» na «gawiwa» angalau mara moja kila moja.

6. Katika Ziwa Kivu, linalogawanywa na mpaka wa Rwanda na Kongo, huvuliwa samaki mdogo aitwaye sambaza, ambaye asili yake ni Ziwa Tanganyika. Jina hilo linalingana kwa umbo na kitenzi «sambaza», yaani kauli ya kutendesha ya «sambaa». Tunga sentensi tatu: moja yenye jina, moja yenye kitenzi, na moja yenye vyote viwili. Eleza ni alama gani katika sentensi zinazomwezesha msomaji kutofautisha jina na kitenzi.

7. Kazi ya nje ya darasa. Nenda mwaloni, sokoni au kwenye chama cha ushirika kilicho karibu na chuo. Kwa ruhusa ya wenyewe, sikiliza namna watu wanavyozungumza wanapogawana mazao au mapato. Andika sentensi kumi zenye kitenzi «gawa» au mnyambuliko wake. Kwa kila sentensi, onyesha nani anatoa, nani anapokea, na ni kitu gani kinachotolewa. Ukikuta sentensi yenye utata, muulize aliyeitamka alikusudia nini, kisha uandike namna ambavyo ingefaa kuingizwa katika daftari.